Ukuta wa Minjila na ng'ombe wa Halkano

Bishara, uko wapi? Leo nusura nifukuzwe saiti.

Unaukumbuka ule ukuta wa zahanati hapa Minjila? Kwenye mchoro unaziba malka, ile njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Mzee Halkano aliniomba niache pengo, nikaacha. Kwa mdomo tu.

Injinia amefika, ameliona. "Nuriya, maandishi yangu yako wapi? Mkataba unasema hubadilishi kitu bila maandishi yangu. Ziba leo."

Maandishi yangu, maandishi yangu. Mbele ya mafundi wote, Bishara.

Bado anafoka, ng'ombe wa Halkano hao, wana kiu, wamemzunguka. Injinia mzima juu ya rundo la matofali.

Wallahi sikucheka. Niliuma mtandio.

Akiwa hukohuko juu akaniambia, "Lete kalamu, niliandike hilo pengo."