Mikono Mingine Katika Unga Wetu

Garissa,
Jumapili jioni.

Kwako Baba Wakesho,

Hujambo mume wangu? Mgongo je, umepoa? Na mama yako, miguu yake bado inavimba? Mimi na Wakesho tu wazima, ila joto la huku linatutoa jasho hata tukikaa kimya. Mtoto ameanza kuhesabu kwa Kisomali na watoto wa jirani, na ananicheka ninapojaribu kumfuata.

Nimeandika barua makusudi. Nikikuuliza jambo kwa simu, mtandao wa Voi hukatika papo hapo. Nikikuuliza kama umekula, unasikika vizuri sana. Karatasi haikatiki.

Unakumbuka uliniomba nikupigie hesabu ya tanuri lako, upunguze mikate au uongeze skonzi? Nilifurahi. Nikasema, leo mume wangu amekumbuka kwamba alioa mwalimu. Na ndilo somo ninalofundisha chuoni muhula huu: kuchukua maneno ya mfanyabiashara na kuyageuza kuwa hesabu. Kwanza unauliza anatafuta nini. Kisha anachopaswa kukiamua unakipa herufi: mikate x, skonzi y. Halafu unasoma sentensi mojamoja na kuandika masharti yake, hapa amesema isizidi, hapa amesema isipungue. Ukichora mistari kwenye grafu, panabaki eneo ambalo masharti yote yanakubaliana, na jibu limo humo.

Basi nikaipeleka hesabu yako darasani. Jina sikulitaja, nilisema ni mwokaji mmoja wa huko kwetu. Niliandika ubaoni yale uliyoniambia. Unakanda peke yako, kuanzia saa nane usiku hadi saa mbili asubuhi, yaani masaa sita. Mkupuo mmoja wa mikate unakula lisaa limoja la mikono yako, na wa skonzi lisaa limoja na nusu. Maduka hayataki chini ya mikupuo minne ya mikate kila siku, na shule haitaki chini ya minne ya skonzi.

Wakachora. Nikaona wanatazamana. Abdullahi, kijana wa Elwak ambaye kwao ni watu wa maduka, akainua mkono.

"Mwalimu, hii swali iko na shida. Hakuna mahali inakubali."

Nikamwambia achore upya. Akachora tena kwa rula, na eneo halikuwepo. Mikate inataka masaa manne, skonzi masaa sita, jumla kumi, na wewe unayo sita.

"Labda anakanda jioni anaweka," akasema Fardosa, msichana wa Ijara. Nikakumbuka unavyojisifu kuwa unga wako hukandwa usiku uleule, wa jana haupo. Mwingine akauliza kama kuna mashine. Nikasema hana.

"Basi iko na mutu," akasema Abdullahi. "Anasema beke yake, lakini iko na mutu. Wallahi, mwalimu, hiyo ni mikono ya watu wawili."

Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, Baba Wakesho, huku nimeshika chaki.

Nilipofika nyumbani nikamweleza Khadija, mama mwenye nyumba. Huyu anauza mbuzi sokoni na haamini mtu hata akimsalimia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Abaayo, dada yangu," akasema, "mwanaume akificha mufanyakazi, anaficha serikali au anaficha bibi. Yeye nalipa kodi?"

"Halipi, na serikali haijawahi kumuuliza."

Akanimiminia chai na kuanza kuzungumza habari za mbuzi.

Nimejaribu kukutetea. Labda ni mama, lakini mama hawezi kusimama hata kuoga. Labda ni ndugu yako Mwandawiro, lakini yeye yuko Mombasa tangu Pasaka. Kama ni kijana umemwajiri, mbona umfiche? Nakujua, ungejigamba mtaa mzima. Halafu mwaka mzima ulinililia mgongo, na siku hizi huutaji. Na mama nikimpigia na kuuliza habari za nyumbani, ananijibu, "Zungumza na mumeo."

Jambo linaloninyima usingizi ni hili. Nimeongeza herufi ya tatu, z, masaa ya huyo mtu. Hesabu ikakubali mara moja, na inamtaka masaa manne. Masaa hayo si ya mchana. Kazi yako inaanza usiku wa manane, na sijaona mtu wa Voi anayetoka kwake wakati huo kwenda kukanda unga wa watu. Huyo anaamkia hapo hapo. Nyumba ina chumba cha mama na chumba chetu. Analala wapi?

Mkuu wa chuo ameniita. Ile nafasi ya kuhamia chuo cha huko nyumbani imepatikana, na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nilipokueleza ulisema, "Usiharakishe, huko unaheshimika." Tangu lini ukajali heshima yangu? Niliumia, na bado naumia. Nakupenda, ndiyo maana sijanyamaza.

Niandikie jina la huyo mtu. Hata likiwa jina ninalolijua, hata likiwa la kuniliza, nitakuja tukae chini tuzungumze. Ukinirudishia tena kwamba uko peke yako, nitamwambia mkuu kuwa nabaki Garissa, mimi na mtoto.

Mpe mama pole ya miguu, umwambie mjukuu wake anamwota. Msalimie dada yako Mshai wa duka la mboga, na yule mzee jirani anayetuletea kuni za tanuri. Na huyo unayekanda naye, msalimie pia. Mwambie nimeshamwona.

Mkeo,
Mama Wakesho