Kisu cha Mama Mkubwa

Mjukuu wangu Akinyi,

Huku Sori hatujambo. Babu yako anakohoa na dawa hataki, na mjomba wako bado anauza samaki wa omena.

Unasema mumeo yuko safarini, na mizabibu yenu huko Dodoma inamngoja yeye akate matawi kwanza. Unauliza kama shina zuri mlilopandikizia litaiokoa mkichelewa kukata.

Nikiwa msichana kwetu Lambwe, baba alipanda mizabibu iliyopandikizwa juu ya shina gumu, linalovumilia udongo wetu mweusi unaotuamisha maji. Desturi yetu ni kwamba mke mdogo hapandi mbegu kabla ya mke mkubwa. Baba akaamua kwamba kisu nacho ni kama jembe, hivyo hata kukata matawi kuanze na mke mkubwa. Mwaka mmoja mama mkubwa, yule mke wa kwanza wa baba, akaenda kumuuguza binti yake kisiwani Takawiri. Mama yangu, mke mdogo, akangoja, na wakati wa kukata matawi ukapita.

Mama mkubwa aliporudi, tukakata. Shina halikutuangusha, kwani vichala vilijaa kuliko mwaka wowote. Lakini viliiva katikati ya masika, zabibu zikapasuka na kuoza zingali mtini. Nzi walikula vizuri.

Hakuna aliyelaumiwa. Mwaka uliofuata mama mkubwa akaitwa tena Takawiri, mapema kabla ya kukata. Asubuhi ya safari, mzigo ukiwa kichwani, alipitia shambani, akakata kijitawi kimoja, akampa mama yangu kisu.

"Mimi nimeshaanza," akasema. "Wakati ukifika, msiningoje."

Ni mimi nyanya yako. Kisu kile ninacho, na bado kinakata.