Nyaya Nne za Gari la Baba

Kaka Emma,

Barua kwa kaka huanza na "mpendwa". Neno hilo nimeliandika mara mbili na kulifuta mara mbili. Nakuandikia kutoka Kagugu, hapa Kigali, barazani kwa Baba, mikono bado inanuka petroli. Na nakuandikia waziwazi ili ndugu wengine wasome, mradi wasimsomee Baba, maana huko Ottawa simu yangu unaipokea siku ukijisikia.

Unakumbuka tulivyoingia na Landrova hii kutoka Karagwe? Mimi na wewe nyuma, juu ya magodoro, Baba kwenye usukani akiimba nyimbo za kanisani. Injini ikachemka mlimani. Ukashuka na dumu kutafuta maji, ukarudi umelowa hadi magotini, unacheka. Siku hiyo nilikupenda sana. Baadaye ukawa wewe peke yako unayeruhusiwa kufungua boneti, kwa kuwa wewe ni mtoto wa kwanza tena wa kiume. Ila ulinifundisha kwa siri: plagi yenye masizi inasema nini, na jinsi ya kuizungusha distribyuta, ile inayogawia plagi moto, kidogo kidogo huku nikisikiliza mlio mpaka utulie. Hilo sikunyimi.

Ulipoondoka tu, gari likagoma. Nikiwasha, linapiga chafya kwenye kabureta na kulipuka kwenye ekzosi mpaka majirani wanatoka nje. Mwezi uleule daktari akatuambia macho ya Baba yanakufa, amebakiza mwaka wa kuona, pengine pungufu. Baba akaomba kitu kimoja: aliendeshe gari lake mwenyewe, mara moja, mpaka kilimani Rebero na kurudi, wakati bado anaiona barabara. Nilikupigia nikakwambia maneno hayohayo. Ukasema, "Hiyo ni kabureta tu, sha. Iko na uchafu. Isafishe, nitakuelekeza."

Nikaisafisha. Nilitandaza magazeti nikafungua kila kitu, jeti, boya, sindano, nikapuliza vitundu mpaka mashavu yakauma. Wewe kwenye simu: legeza skrubu nusu mzunguko, sasa kaza robo. Nilirudia kazi hiyo mara nyingi hata vichwa vya skrubu vikalika. Nilipotaka kuita fundi, ukampigia Baba nyuma ya mgongo wangu. "Usikubali mafundi wa Gatsata, Baba. Watatoa vipuri vyake vya asili waweke vikuukuu." Baba akakuamini, kama kawaida yake.

Kila Jumamosi alivaa koti akakaa kwenye usukani, mimi nikiwa nimeinamia injini. "Washa, Baba." Anawasha, chafya. Mwanzoni alikuwa akinisomea mwenyewe mshale wa petroli. Baadaye akawa ananiuliza kama mshale umepanda. Mwisho akaacha kuja kwenye gari, akasema jua linamsumbua. Hakukuwa na jua.

Jumamosi iliyopita Baba alipojinyoosha kitandani baada ya chakula, nilimleta Mado, fundi wa kike wa hukohuko Gatsata ulikomtisha Baba nako. Kabureta hakuigusa. Alitoa plagi ya kwanza, akaniambia nizibe tundu kwa kidole, yeye akaanza kuzungusha injini kwa handeli. "Upepo ikisukuma kidole yako, sema." Ukasukuma, nikasema. Akafungua distribyuta. Rota, kile kidole kinachozunguka humo ndani, ilipaswa kuelekea waya wa silinda ya kwanza. Ilikuwa inaelekea waya wa silinda ya nne. Waya wa kwanza na wa nne zilikuwa zimebadilishana nafasi, na wa pili na wa tatu pia. Mado akajifuta mikono, akanitazama kwa huruma. "Hii haikuharibika, mama. Kuna mtu aliipanga."

Akazirudisha nyaya nne mahali pake kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Nilikupigia papo hapo, na hukukana. "Niliogopa mtaliharibu. Nilitaka nikirudi nilikute." Emma, mtu anayeogopea gari lake huchomoa rota akaitia mfukoni, kila mtu Kigali hii anajua. Ungeichukua, siku ya kwanza ningeona pengo, ningekutukana, ningetafuta nyingine, na Baba angeendesha. Wewe ulichagua kitu kinachofanana na ugonjwa, kisha ukajifanya daktari wake. Miaka miwili. Ulijua tunasafisha bure, ukajua macho yanakwenda, na ukaniambia nikaze robo. Nakuchukia kwa hilo, na sioni haya kuliandika.

Injini iliposhika, niliizungusha distribyuta mpaka mlio ukatulia. Baba akatoka akipapasa ukuta. Akaweka kiganja juu ya boneti, akasimama hivyo muda mrefu.

"Ni Emma amekuelekeza," akasema. Hakuwa anauliza.

Ukweli ulikuwa mdomoni, umenijaa. Nikatazama uso wake. Nikasema, "Ndiyo, Baba. Ni Emma."

"Imana ishimwe," akamshukuru Mungu. "Yule mtoto."

Akaingia upande wa dereva, akashika usukani kwa mikono yote miwili. Kisha akajisogeza mwenyewe upande wa pili, bila kuambiwa. Nikampeleka Rebero. Njia nzima aliniuliza nini kinaonekana, nami nikamtajia.

Jumapili utapiga simu kama desturi yako. Atakushukuru. Unamjua anavyoshukuru, hana haraka, ataiombea mikono yako, vidole vyote kimoja kimoja. Usithubutu kumwambia ukweli ili wewe upate kupumua. Uongo ule niliusema kwa ajili yake, na wewe huna ruhusa ya kuuvunja. Utasikiliza mpaka mwisho, utajibu "asante, Baba", na Jumapili itakayofuata ataanza upya.

Ubaki salama huko ulikokimbilia.

Mdogo wako