Ufukwe Niliomficha Baba

Tarime, 9 Novemba 1956

Mpendwa Bibi Mshauri,

Shikamoo. Kabla ya kushika kalamu nimeahidi mbele ya Mungu kwamba nitakueleza yote, hata yale yanayonitia aibu, kwa sababu nikikueleza nusu utanipa ushauri wa nusu, na mimi nahitaji msaada wako mzima.

Naitwa Bhoke binti Heche, nina miaka kumi na tano, niko darasa la saba katika shule ya wasichana ya misheni, na nyumbani kwetu ni mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka hapa. Mwaka jana mwalimu wetu wa jiografia, Mwalimu Efrazia, aliugua malaria wiki tatu, na sisi wasichana sita tulipokezana kumchotea maji na kumpikia uji, jambo ambalo hatukuliona kuwa kubwa, lakini yeye hakulisahau, na aliporudi kwao katika kisiwa cha Ukerewe alituandikia kwamba shule ikifungwa Desemba hii twende sote sita tukapumzike siku tano, na kaka yake atatupokea Musoma na kusafiri nasi melini. Bibi, niliposoma barua ile nililia mbele ya wenzangu wala sikuona haya, maana hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kwenda mahali kwa sababu ya kupumzika tu.

Mwalimu Efrazia ana ndugu katika pande tatu za kisiwa, kwa hiyo alituambia tuchague ufukwe tunaoutaka ili ajue atatulaza kwa ndugu yupi, na mimi kwa kuwa ni kiranja nikapewa kazi ya kumjibu. Ufukwe wa kwanza, aliandika, una mchanga mweupe na mawe makubwa, hauna watu, maji yake ni ya kijani na yana kina kirefu hatua chache tu kutoka ukingoni, unawafaa wanaojua kuogelea. Wa pili ni mpana na wenye upepo, maji yanashuka polepole, lakini wanawake huanika dagaa hapo na kila asubuhi huingia majini kuosha vikapu, basi harufu ipo. Wa tatu uko ndani ya ghuba, maji yametulia, pembeni kuna matete, na ng'ombe wa kijiji hunywa hapo.

Sasa nikueleze kuhusu kalenda. Katika ofisi ya mwalimu mkuu kuna kalenda ya zamani yenye picha ya kisiwa, mchanga mweupe, mawe, maji ya kijani, wala hakuna mtu hata mmoja, na tangu darasa la tano kila nikitumwa ofisini naitazama na kujiambia kwamba siku moja nitasimama pale. Niliposoma habari za ufukwe wa kwanza niliona ni ule ule.

Jumamosi nilikwenda nyumbani na barua, kwa sababu mwalimu mkuu anataka kila baba aweke dole gumba kwamba amekubali. Baba hajui kusoma. Alikuwa zizini, akaniambia, "Soma polepole, karatasi haikimbii." Nilimsomea ufukwe wa kwanza na wa tatu, ule wa dagaa niliuruka, maana Esta na wenzangu wengine tunaosafiri walikuwa wamekwisha ucheka na sikuona haja ya kupoteza wakati. Baba akaanza kuuliza kama anayepeleka mifugo mahali pageni. "Ukingo unakatika ghafla au unashuka? Chini ni mchanga au ni tope linaloshika mguu? Na wenyeji wanaingilia wapi?" Nikamwuliza kwa nini anataka kujua ya wenyeji, akasema, "Ukifika kwenye maji usiyoyajua, mwanangu, usiingize ng'ombe wako. Kaa kando, tazama wa wenyeji wanaingilia wapi. Marwa hakukaa kando." Marwa alikuwa mdogo wake, mto Mara ulimchukua pamoja na mitamba miwili kabla sijazaliwa, na baba hamtaji kila siku.

Basi akachagua wa tatu, kwa kuwa ng'ombe wa wenyeji wanaingia hapo, akaweka dole gumba. Nami niliporudi shuleni nilimwandikia Mwalimu Efrazia kwamba tunataka ufukwe wa kwanza, kwamba baba yangu ameuchagua mwenyewe, na kwamba sote tunajua kuogelea kidogo. Bibi, hakuna hata mmoja wetu anayejua kuogelea. Barua nimekwisha itia posta.

Ningeweza labda kuvumilia, lakini Jumapili iliyopita baada ya ibada wazazi walikusanyika nje ya kanisa, baba akawaeleza maswali aliyoniuliza na ufukwe wa ghuba aliouchagua, na mzee Ryoba, baba yake Esta, akamtania baba, "Heche, tangu lini umekuwa fundi wa visiwa? Siku hizi unachunga maji?" Baba akajibu, "Nachunga mabinti, mura. Ng'ombe akipotea nitamtafuta mwingine." Watu wakacheka sana, kisha mzee Ryoba akageuka na kusema, "Kama Heche ameuliza mpaka habari za tope, mimi sina la kuuliza," akaweka dole gumba lake, na wengine wanne wakafuata. Baba alisimama pale akiwa na furaha ambayo sijawahi kuiona usoni pake. Njiani kurudi aliniambia, "Asante kwa kuniuliza. Si kila msichana anayesoma humwuliza baba yake." Bibi yangu Mokami naye amekwisha nifungia karanga za kumpelekea mama yake Mwalimu.

Nawashukuru wote hawa, na wote nimewadanganya. Nikimwambia baba ukweli anaweza kuondoa ruhusa yake, na akiondoa yeye wataondoa wote, wenzangu watano wakose safari kwa sababu yangu. Nikinyamaza, nitawapeleka kwenye maji ambayo baba zao hawakuyakubali. Meli inaondoka tarehe 11 Desemba. Je, Bibi, nimwandikie Mwalimu abadilishe ufukwe kimya kimya, au nimwambie baba kwanza? Nakuomba sana unijibu kwa posta ya kurudi.

Wako mtiifu,
Bhoke Heche

*

Bhoke mwanangu,

Marahaba. Jibu hili nimekutumia kwa posta siku ile ile barua yako ilipofika. Hapa gazetini naliweka kwa ajili ya wasichana wengine wenye kalenda zao.

Umefanya vibaya, na unajua, kwa hiyo sitakupigia kelele kwa muda mrefu. Kuandika kwamba watu sita wanajua kuogelea na wote hawajui, huo si utundu wa kitoto. Mwalimu wako angewaamini, angewaacha mkaruka kutoka juu ya mawe, na baada ya safari tungekuwa tunazungumza habari nyingine kabisa. Picha ya kalenda haina watu kwa sababu ni picha. Ufukwe usio na watu, uliza kwanza kwa nini watu hawapo.

Ila kuna jambo jingine. Umekiri makosa mawili makubwa, na katikati ukapitisha la tatu haraka haraka, kama mtu anayepitisha kuku chini ya kanga. Mimi nimemwona kuku. Uliuruka ufukwe wa dagaa. Baba yako aliuliza swali zuri kuliko yote, wewe ukampa majibu ya fukwe mbili, akachagua vizuri kadiri ulivyomwezesha. Akachagua mahali pa ng'ombe. Wewe si ng'ombe, Bhoke.

Mimi nimezaliwa kando ya ziwa hilo. Maji yaliyotulia penye matete ndiyo makazi ya konokono wa kichocho. Nilioga maji ya namna hiyo nikiwa na miaka tisa, nikakojoa damu, na sindano nilizochomwa hospitalini nazikumbuka mpaka leo. Ng'ombe hawakuniambia. Kwa hiyo ufukwe wa kwanza uache, na wa tatu uache pia.

Nendeni kwenye dagaa. Mahali wanawake wanapoingia kila asubuhi na vikapu, wanajua shimo liko wapi, wanajua siku ya mawimbi, na mmoja akiteleza kuna mikono ishirini ya kumvuta. Upepo upo, mchanga upo, maji yanashuka polepole. Hata hapo msipite magotini bila wao. Mtanuka dagaa siku tano. Sabuni ipo, na nadhani mtawakumbuka wanawake wale kuliko mawe yoyote meupe.

Sasa sikiliza utaratibu. Leo hii mwandikie Mwalimu Efrazia kwamba hamjui kuogelea na kwamba baba yako hakuchagua ufukwe wa kwanza, asipange lolote mpaka umwandikie tena. Usipambe. Kisha Jumamosi nenda nyumbani. Hilo la kubadilisha kimya kimya lifute, maana utakuwa umemdanganya tena mtu aliyekushukuru. Msomee barua yote, fukwe zote tatu, umweleze ulichoruka na ulichoandika, na ya konokono umweleze pia, mwambie nimesema mimi. Akikubali, muombe awaambie mzee Ryoba na wengine yeye mwenyewe, ili mnaposafiri dole gumba la kila baba liwe limekubali mahali mnapokwenda kweli.

Anaweza kukataa. Ni haki yake, na akikataa utawaomba radhi wenzako watano kwa mdomo wako. Lakini mimi siogopi sana. Mtu aliyempoteza ndugu majini, kisha akakaa zizini akauliza habari za ukingo na tope badala ya kusema hapana tangu mwanzo, anataka binti yake aone kisiwa.

Msaidie akuruhusu. Ukimaliza kusoma, muulize swali lake mwenyewe, "Baba, wenyeji wanaingilia wapi?" Halafu ukae kando, unyamaze, umwache ajibu.

Bibi Agustina