Mke Mwenzangu wa Porini

Mvumi, Jumamosi. Jua kali, na upepo wa vumbi tangu asubuhi.

Nimerudi juzi kutoka kaskazini na miguu bado imevimba, lakini si miguu inayoniuma. Ninaona wivu. Neno hili naliandika wazi kwa sababu mimi tu ndiye niliyesoma shule ya misheni katika nyumba hii, na hakuna mwingine atakayelisoma.

Mume wangu Ndahani ni mlinzi wa pori la Serikali, mbele ya Kondoa, pale Wadachi walipokataza watu kuwinda. Wakati wa mavuno ilikuja habari kwamba kifaru amemjeruhi paja. Kwa watu wetu maana yake ni moja: mume akiwa porini akaumizwa na mnyama, basi mkewe nyumbani ametoka nje ya ndoa. Mama mkwe hakunitukana. Aliacha tu kula chakula nilichopika mimi, na kisimani wanawake wakawa wananyamaza nikifika.

Mimi sijatoka nje. Kwa hiyo nikapiga hesabu yangu: kama mila ni ya kweli na mimi ni safi, basi huko porini ana mke mwingine, na huyo ndiye aliyetoka nje. Mwanamke huyo hakunitoka kichwani. Nikamwacha mtoto wetu Yoeli kwa bibi yake, nikamwomba kaka yangu Petro anisindikize, nikaenda kumtazama uso kwa uso.

Sikumkuta.

Nilikuta kibanda kimefagiwa. Nilikagua kitanda, chungu, hata majivu ya mekoni. Kibuyu kimoja kilikuwa kimepasuka na kushonwa vizuri, nikajua nimemkamata. Kumbe Ndahani kakishona mwenyewe. Nyumbani kibuyu kikipasuka hukiruka akaenda zake.

Kesho yake akanitembeza, anachechemea huku uso unang'aa. Mipaka ni miti iliyochanjwa alama. Ndani yake ni marufuku kuwasha moto, kutega, kuchunga, hata kurina asali kwa moshi. Wenyeji waliokaa kando ya maji wamehamishwa, sasa wanateka mbali. Yeye na wenzake huzunguka kila asubuhi wakifuata nyayo. Wakikuta mtego wanauvunja, wakimkuta mtu wanampeleka boma. Mwaka huu sisi tumechimba mchanga wa mtoni kutafuta maji mpaka mchimbaji haonekani, na kule pundamilia anakunywa huku analindwa kwa bunduki. Niliwaonea wivu hata pundamilia.

Lakini aliyenimaliza ni kifaru, yule yule aliyemjeruhi. Ni jike. Alinionyesha nyayo zake kama mtu anayeonyesha shamba lake. Anajua analala wapi, anapenda kujikuna kwenye mti gani, na ni sikio lipi limechanika. Mimi nilikuwa nimevaa hereni mpya za shaba, nimezivaa safari nzima kwa ajili ya mume wangu. Hakuziona.

Nikamwuliza kwa nini basi kifaru alimpiga, kama wanapendana hivyo.

Akatazama kwanza kama Petro yuko mbali. Kisha akanieleza kwa sauti ya chini. Bwana Mkubwa wa boma, aliyeweka amri zote hizo, alikuja na wageni wake wakapiga bunduki ndani ya mipaka. Walimjeruhi kifaru begani, wakarudi hemani kula, na mume wangu akaambiwa afuate damu.

"Nyumbani wanasema ni mimi, Baba Yoeli."

"Najua," akasema. "Nikimtaja Bwana nitalazwa chini, nipigwe viboko hamsa ishirini, na kazi imekwisha. Vumilia, Mama Yoeli. Watu watasahau."

Alijua! Maneno ya kisimani yalimfikia, akanyamaza ili abaki na pori lake. Kifaru amewekewa mipaka na walinzi, jina langu halina hata uzio wa miiba. Nilimsihi turudi wote, amwambie mama yake tu. Akasema labda baada ya masika, maana bega la kifaru halijapona.

Njiani sikuwa na neno jema. Petro, ambaye hakusikia kitu, alitangulia mbele akaniacha na hasira zangu.

Juzi jioni nilimkuta mama mkwe anasaga uwele. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea kusaga. Kisha akauliza bila kunitazama, "Umekuta nini huko?"

Nikisema kweli, habari itafika boma, na mgongo utakaochanika ni wa mume wangu. Nikinyamaza, nitakula peke yangu mpaka naingia kaburini.

"Nimemkuta mwenzangu, mama," nikasema. "Ana mke huko."

Mikono yake ikasimama juu ya jiwe. Usiku ule alikula ugali wangu. Jana kisimani wanawake walinitekea maji na kunipa pole. Mume wangu ametumiwa mtu kumwambia arudi mara moja ajieleze, na atarudi, kwa sababu mama yake akiita hana ujanja. Ndivyo nilivyotaka.

Tatizo ni kwamba wanauliza. Anafananaje? Nikasema ni mrefu kunipita. Kazi anaijua? Nikasema kibanda anakifagia vizuri, na vibuyu anashona. Mama mkwe alimlaani sana kwa kumponza mwanawe. Leo mchana, tukipepeta uwele, akaniuliza kama haingefaa aletwe huku atakaswe, akae karibu yetu, maana mwanamke wa kushona vibuyu siku hizi humpati.

Tangu hapo sina raha. Nimemtunga kwa mdomo wangu mwenyewe, na ninamchukia kuliko yule kifaru.

Kwa nini, jamani, nilimfanya mrefu?