Pole kwa Wavunja Mawe

Mjukuu wangu Salma,

Huku Sydney tu wazima, na kaseti yako ya taarabu imefika.

Umeuliza kwa nini nilimwaibisha mjomba wako kwenye maonyesho ya barabara ya zamani, kule mji wa mashambani. Vijana walijifanya wafungwa walioletwa huku kutoka Uingereza enzi za ukoloni, wanavunja mawe, watu wanawapiga picha. Nikapaza sauti: "Poleni na kazi."

"Mama, wanaigiza tu," mjomba wako akaninong'oneza.

Najua. Lakini nilipokuwa msichana, kaka yangu alipelekwa kwa nguvu kuvunja mawe ya barabara ya Muheza, na msimamizi alitukataza kuongea naye. Mama yangu alipita pale kila asubuhi, akawapa pole wote kwa sauti kubwa, ili mmoja aisikie.

Bibi yako,
Rooty Hill, Sydney