Mkwe Wangu Alikandamiza Godoro

Mshauri mpendwa, naomba msaada, na ufanye haraka maana moyo wangu ulishasimama mara moja na sijui kama nina ruhusa ya pili. Mimi ni mzee, shule niliishia darasa la tatu, basi ukiona mwandiko unayumba usicheke, mkono bado una tundu la dripu. Wiki iliyopita asubuhi nilizimia wodini kikombe cha chai mkononi, na muuguzi wa zamu alikuwa mkwe wangu, mke wa kijana wangu wa pili, binti mwenye adabu zake, akanirukia akaanza kunikandamiza kifua, lakini fundi seremala aliyelazwa kitanda cha jirani anasema aliyekandamizwa ni godoro, mimi nilikuwa napanda na kushuka tu kama mtoto anayebembelezwa, mpaka daktari akaja mbio anafoka, "Ubao! Ubao wa mgongoni uko wapi?" wakanichomekea chini ya mgongo ili godoro lisibonyee, ndipo nikarudi. Sasa metroni, mkuu wa wauguzi, anataka maelezo yangu Jumatatu, na mkwe amekuja analia, "Baba, sema hukuona kitu, watanifukuza," na kweli sikuona, nilikuwa maiti! Anasema walifundishwa mara moja tu, miaka minne nyuma, kwa mwanasesere wa mazoezi aliyelazwa sakafuni. Nikisema namharibia kazi, nikinyamaza mgonjwa mwingine atamfia mikononi. Nifanyeje?

Ni mimi, Marehemu Mstaafu.

JIBU

Marehemu Mstaafu, pole, na huo utani usiupeleke kwa metroni. Mkweo hakukimbia, alikurukia. Hilo liseme kwanza. Lakini wewe mzee huna haya? Umerudi duniani juzi, leo unapima uongo! Kunyamaza si kumsitiri, ni kumwacha na kosa lile lile akutane na mtu asiye na bahati yako. Mwite leo. Aende kwa metroni mwenyewe kabla ya Jumatatu, aseme alichokosea na pia alichonyimwa: sakafu ni ngumu, kwa hiyo siku ile ya mafunzo hakuna aliyekumbuka kumfundisha kuweka ubao. Aombe wodi nzima ifanye mazoezi kila baada ya miezi michache, juu ya kitanda chenye godoro, ubao utafutwe kweli, mtu ashike saa apime muda. Jumatatu nawe useme hayo hayo, bila chumvi ya seremala.

Kisha omba mwanasesere alazwe kitandani pako. Wewe kaa kitini umtazame mkweo. Akikosea, mwambie, "Rudia, mwanangu." Huyo wa plastiki hafi.